Jinsi ya kuchambua madai ya dawa za mwani wa bahari baridi kabla hujameza chochote

Mwani wa bahari za baridi, hasa ule mkubwa wa kahawia unaoota kwenye miamba ya Norwe, Aislandi, Uskoti, Kanada, Hokkaido, Chile mpaka Antaktika, siku hizi unasifiwa kutibu kila kitu. Kansa, kisukari, unene, kinga, tezi, mpaka nywele. Shida ni kwamba sio uongo mtupu, kuna dawa za kweli kabisa zimetoka humo na zipo hospitalini miaka mingi, ndo maana na madai ya ajabu yanapata pa kujibanza. Kwa hiyo huwezi kusema tu hizo porojo ukaondoka zako, na huwezi pia kubugia kapsuli kisa kuna mtu kaweka grafu inapanda juu. Hapa naeleza namna ninavyolichambua dai la aina hii, mpangilio sio lazima uufuate kama ulivyo ila lile swali la mwani unagusa wapi mwilini usiliruke hata ukiwa na haraka.

Anza na jina, tena jina kamili

Ukiona pameandikwa "dondoo ya mwani" na basi, hapo hakuna cha kuchambua, ni sawa na kuambiwa "dawa ya majani". Unataka jina la kisayansi la maneno mawili. Fucus vesiculosus, Ascophyllum nodosum, Saccharina latissima, Laminaria digitata, Laminaria hyperborea, Undaria pinnatifida, hao wote ni wa kahawia. Chondrus crispus na Palmaria palmata ni wekundu. Hiyo rangi peke yake inakupa habari nyingi kwa sababu kemia zao hazifanani. Wa kahawia ndo wenye fukoidani, laminarini, fukozanthini na florotanini, na ndo chanzo cha alginati inayouzwa, sukari ndefu inayogeuka jeli. Mwekundu kama Chondrus unatoa karaginani, nayo ni sukari ndefu ya kugandisha. Kwa hiyo mtu akikuuzia "fukoidani safi ya Chondrus crispus" huna haja ya kusoma mstari wa pili.

Majina nayo yanabadilika, hili linawachanganya watu sana wakisoma makala za zamani. Mwaka 2006 sehemu ya jenasi ya Laminaria ilihamishiwa Saccharina, kwa hiyo Laminaria japonica ya makala ya miaka ya 90 ndo hiyohiyo Saccharina japonica ya leo, na Laminaria saccharina ndo Saccharina latissima. Usije ukadhani ni tafiti mbili za mwani tofauti.

Alafu uliza ulivunwa lini. Laminarini ni akiba ya chakula ya mwani wenyewe, unaijaza kiangazi mpaka vuli wakati jua lipo, alafu kwenye giza la baridi unaila. Mwani wa kaskazini uliovunwa Oktoba na ule wa Machi, mwamba huohuo, unaweza kukupa mmoja laminarini ya kutosha na mwingine karibu hamna kitu. Utafiti usiotaja mwezi wa kuvuna mimi naushusha daraja moja hapohapo.

Baridi yenyewe sio dawa

Kuna hadithi inapendwa sana na wauzaji kwamba mwani wa baridi "umepigana na mazingira magumu" kwa hiyo nguvu zake zinahamia kwako. Hapana bana. Kilicho cha kweli ni hiki: kwenye pwani za baridi mwani unaishi na miezi ya giza, unapigwa na mionzi ya UV maji yakikupwa, na unaliwa na viumbe wadogo wengi, na hauwezi kukimbia, kwa hiyo unajilinda kwa kemikali. Huko rasi ya Antaktika kina Charles Amsler, James McClintock na Bill Baker wamefanya kazi ya miaka mingi wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mwani mkubwa wa kule hauliki, viumbe wanaokula mwani wanaukataa kwa sababu ya kemikali zilizomo. Mwani mwekundu nao unatengeneza molekuli za kunasa UV zinazoitwa maikosporini, kama shinorini na porfira-334. Na kwa baridi utando wa seli unahitaji kubaki laini, ndo maana unakuta mafuta ya omega-3 aina ya EPA.

Hayo yote yanakuambia sehemu ya kutafutia, basi. Kemikali inayomkimbiza kamba mdogo wa baharini imethibitisha kwamba inamfanyia kitu kiumbe hai, haijathibitisha kwamba inakufanyia wewe jambo jema. Inaweza hata ikawa sumu tu.

Dai linahusu molekuli gani?

Hapa ndo wengi wanateleza, maana hata majina ya molekuli yanaficha mambo. Fukoidani ilitengwa mara ya kwanza na Harald Kylin wa Uswidi mwaka 1913, na mpaka leo watu wanaiongelea kama kitu kimoja. Sio kitu kimoja. Ni familia ya sukari ndefu zenye fukosi na salfeti, na mnyororo wa Fucus vesiculosus umefungwa tofauti na wa Saccharina, na wa Undaria una galaktosi nyingi ndani yake. Salfeti zinatofautiana, urefu unatofautiana, na nguvu ya kazi inategemea hivyohivyo vitu. Matokeo ya fukoidani ya mwani mmoja huwezi kuyabeba ukayabandika kwenye kapsuli ya mwani mwingine, na hii inafanyika kila siku bila aibu.

Florotanini zinapatikana kwenye mwani wa kahawia tu, ni minyororo ya florogusinoli, zinasifiwa kwa kuzuia oksidisho na kuzuia vimeng'enya vya kusaga wanga. Fukozanthini ndo rangi inayofanya mwani uwe wa kahawia, inasifiwa kwa kupunguza mafuta. Laminarini inasifiwa kwa kinga. Nitarudi kwa baadhi.

Inagusa wapi?

Hili ndo swali ninaloliweka mbele ya yote. Chukua dawa za mwani ambazo zimeshika kweli hospitalini, ziangalie moja moja, utaona karibu zote zinafanya kazi palepale zinapogusa, hazingoji kupita utumbo ziingie kwenye damu.

Alginati ndo mfano mkubwa. Aliyeitambulisha ni mkemia wa Uingereza, E.C.C. Stanford, aliyekuwa akifanya kazi Uskoti, mwaka 1881. Ukimeza dawa ya kiungulia kama Gaviscon, alginati inakutana na asidi ya tumboni inageuka jeli, baikaboneti iliyomo inatoa gesi, gesi inanasa ndani ya jeli, jeli inaelea juu na kuzuia asidi isipande kooni. Hakuna kilichohitaji kuingia kwenye damu. Bandeji za alginati ya kalsiamu ni hivyohivyo, ukiziweka kwenye kidonda kinachotoa majimaji mengi kalsiamu ya bandeji inabadilishana na sodiamu ya kidonda, nyuzi zinageuka jeli, kidonda kinabaki na unyevu wake na siku ya kubadilisha haing'ang'anii nyama. Hata ule uji wa kuchukulia umbo la meno kwa daktari wa meno ni alginati.

Kuna na shina kavu la Laminaria. Linawekwa kwenye mlango wa kizazi, linafyonza maji taratibu na kunenepa mara 3 mpaka 4 ndani ya saa 12 hadi 24, madaktari wanalitumia kufungua mlango wa kizazi polepole kabla ya taratibu za kitabibu. Hapo hata usitafute molekuli ya ajabu, ni ufundi wa kunyonya maji tu, na umetumika tangu karne ya 19.

Kitu kinachovunja kanuni hii ni iodini. Bernard Courtois aliipata mwaka 1811 Ufaransa kwenye majivu ya mwani wakati wa kutafuta chumvi za kutengenezea baruti, na kufikia 1820 Jean-François Coindet wa Geneva alikuwa anawapa wagonjwa wa rovu. Lakini angalia kwa nini yenyewe inaweza: ni kitu kidogo sana, utumbo unaifyonza karibu yote, na shingoni una tezi kabisa iliyoumbwa kuidaka. Fukoidani haina bahati hiyo. Molekuli zake zina uzito wa makumi mpaka mamia ya maelfu ya daltoni, wakati vidonge vingi tunavyomeza vina molekuli za chini ya 500. Ukiimeza sehemu kubwa inabaki utumbo mpaka inatoka, kinachoonekana kwenye damu ni kidogo sana.

Kwa hiyo dai la fukoidani likisema inabadilisha bakteria wa utumbo, sawa, njia ipo, twende tuone ushahidi. Likisema kapsuli mbili kwa siku zinaenda kuua uvimbe kwenye ini, muulize imefikaje huko. Kimya utakachokipata ni jibu.

Ila usigeuze kanuni hii kuwa imani. Kugusa peke yake hakutoshi. Karaginani kwenye maabara ilikuwa inazuia virusi vya UKIMWI visishike seli, jambo zuri kabisa, ikatengenezwa jeli ya uke iitwayo Carraguard, ikajaribiwa Afrika Kusini kwa wanawake zaidi ya 6,000. Matokeo yalitoka 2008: salama, lakini haikuzuia maambukizi. Walipopima viweka-jeli vilivyorudishwa wakagundua jeli ilitumika kwenye chini ya nusu ya matendo ya ngono, wakati kwa mdomo watu walisema karibu kila mara. Sasa hapo huwezi kujua vizuri ni dawa iliyoshindwa au ni matumizi, na ukweli ni kwamba dawa ambayo watu hawaitumii imeshindwa vilevile.

Dawa ya kupuliza puani ya karaginani aina ya iota imefanya vizuri kidogo. Argentina, wakati wa korona, wahudumu wa afya karibu 400 walipewa ama hiyo ama dawa bandia, waliougua korona walikuwa 1% upande mmoja na 5% upande wa pili. Idadi ya waliougua ni ndogo kwa hiyo usiruke nayo, lakini njia inaeleweka maana virusi vinaingilia puani na dawa ipo puani. Na kwa taarifa yako, karaginani ya iota inatoka zaidi kwenye mwani wa bahari za joto, Eucheuma, sio wa baridi, japo wauzaji wakiweka picha wanaweka barafu.

Mfano wa upande mwingine ni GV-971 ya China. Ni vipande vifupi vya sukari kutoka mwani wa kahawia, ilipewa kibali cha masharti Novemba 2019 kwa ugonjwa wa Alzheimer, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba inapitia kwenye bakteria wa utumbo. Jaribio kubwa la kimataifa lililotakiwa kuthibitisha likasitishwa 2022 kabla ya kuisha. Mtu akikuambia "imeidhinishwa" muulize imeidhinishwa wapi, kwa masharti gani, na nini kilifuata.

Kusoma namba za maabara bila kudanganyika

Sasa umefungua makala, unakuta "ilizuia seli za kansa kwa mikrogramu 100 kwa mililita". Fanya hesabu ya haraka. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Ili damu yote ifikie kiwango hicho unahitaji miligramu 500 ziwe ndani ya damu kwa wakati mmoja, zote, bila hata chembe kwenda kwenye figo, mafuta au choo. Ukizingatia kwamba kinachofyonzwa ni kiduchu, kipimo cha kumeza kinakuwa cha kuchekesha. Dawa nyingi za kweli zinafanya kazi kwa viwango vya chini mara mia au elfu ya hapo. Mimi nikiona namba za juu ya mikrogramu 50 kwa mililita kwa kitu cha kumezwa naendelea kusoma kwa udadisi tu, sio kwa matumaini.

Angalia pia kama wamejaribu kwenye seli za kawaida. Kuua seli za kansa kwenye sahani sio kazi, hata sabuni inaua. Swali ni kama imeziacha za kawaida.

Florotanini zina mtego wake. Tanini zinashika protini, ndo ileile inayokausha ulimi ukinywa chai ya rangi kali. Sasa vimeng'enya ni protini. Ukimwaga florotanini kwenye bomba lenye kimeng'enya chochote, kuna uwezekano mkubwa kitazimika, sio kwa sababu umepata dawa ya kisukari au ya shinikizo la damu au ya Alzheimer, ni kwa sababu tanini imekishika tu kama inavyoshika kila kitu. Ndo maana utakuta dondoo moja inasifiwa kwa magonjwa kumi. Utafiti mzuri utaweka protini nyingine ya ziada ndani ya jaribio uone kama nguvu inabaki, au utalinganisha na kimeng'enya kisichohusika. Usipoona hivyo, punguza imani.

Mtego mwingine ambao hata wasomi wanaukanyaga ni wa kinga. Mwani una bakteria juu yake, na bakteria wengine wana endotoksini, sumu iliyo kwenye ukuta wa seli zao, ambayo kiasi kidogo sana kinatosha kuamsha seli za kinga vibaya sana. Unachemsha mwani, unatoa polisakaraidi (zile sukari ndefu), endotoksini inatoka nazo, unaiweka kwenye seli, seli zinawaka, unaandika "mwani unaongeza kinga". Umepima uchafu. Tafuta kwenye sehemu ya mbinu kama wamepima endotoksini. Isipotajwa kabisa kwenye makala ya kinga, ifunge.

Vipimo vya kuzuia oksidisho, ile DPPH na wenzake, sitavipotezea muda. Ni kemia ya kwenye bomba, vinafaa kulinganisha dondoo na dondoo, havisemi chochote kuhusu mwili.

Panya

Kwa panya kuna hesabu moja tu ya kukumbuka. Kipimo cha panya mdogo kwa kilo ukigawa kwa takriban 12 unapata kipimo cha mtu kwa kilo. Panya kapewa miligramu 100 kwa kilo, mtu ni kama 8 kwa kilo, mtu wa kilo 70 ni kama miligramu 570 za kitu kile kilichosafishwa. Alafu nenda kwenye lebo uone kapsuli ina ngapi. Mara nyingi utakuta "unga wa mwani miligramu 300" na ndani yake kile kitu chenyewe ni asilimia ndogo tu.

Fukozanthini ndo ilivyo. Mwaka 2005 watafiti wa Hokkaido walionyesha kwamba panya waliopewa mafuta ya Undaria yenye fukozanthini mafuta yao meupe yalianza kutengeneza UCP1, protini ya kuchoma nishati kama joto. Kazi nzuri. Lakini fukozanthini kwenye mwani mkavu ni miligramu chache tu kwa gramu, wakati mwingine chini ya moja, na inaharibika kwa mwanga na joto, kwa hiyo mwani uliokaa juani wiki nzima usiutegemee.

Watu, na watu gani

Utafiti wa binadamu unaotajwa sana kwa fukozanthini ulihusu wanawake wanene kwa wiki 16 na kweli walipungua. Ila walichopewa kilikuwa fukozanthini pamoja na mafuta ya mbegu za komamanga. Kipi kilifanya kazi? Hapo hujui. Ukisoma utafiti wa binadamu angalia kama kilichopimwa ndicho kinachouzwa, kama kulikuwa na kundi la dawa bandia, na kama kilichopimwa ni ugonjwa wenyewe au alama fulani ya kwenye damu.

Kuna na neno "matumizi ya jadi" la mamlaka za Ulaya. Fucus vesiculosus ina hadhi hiyo kwa watu wazima wenye uzito uliozidi, kama nyongeza kwa wanaopunguza chakula. Watu wanasoma hapo kwamba Ulaya imethibitisha. Maana yake ni kwamba imetumika muda mrefu, angalau miaka 30, bila madhara makubwa kwa namna iliyoelezwa, na haihitaji jaribio la kliniki kupata hadhi hiyo. Ni vitu viwili tofauti.

Ukitaka kuona kazi ilivyofanywa inavyotakiwa, soma kuhusu grifithsini. Ni protini ndogo iliyotengwa kutoka mwani mwekundu wa Griffithsia wa bahari ya Nyuzilandi, ikachapishwa 2005. Walijua mpangilio wake, asidi amino 121, walijua inashika sukari za manosi zilizo juu ya virusi vya UKIMWI, na inafanya kazi kwa viwango vya chini kupita kiasi, vya pikomola. Na kwa kuwa mwani wenyewe usingetosha, kufikia 2009 ilikuwa inazalishwa kwa wingi kwenye mmea wa jamii ya tumbaku. Jina la mwani, molekuli moja, njia inayoeleweka, kiwango kidogo, namna ya kuizalisha. Bado sio dawa ya dukani, lakini hivyo ndo dai linavyotakiwa kuonekana.

Kama wewe ni mwanafunzi na unataka kujaribu mwenyewe

Andika tarehe, mahali, kina, hali ya maji, na weka kipande kikavu kama kielelezo cha kumbukumbu, bila hivyo hakuna atakayeweza kurudia kazi yako. Suuza, toa konokono na vijani vingine vilivyoshika juu, gandisha haraka, alafu ukaushe kwa baridi kama mashine ipo. Kama haipo kausha kivulini kwa joto dogo. Jua kali linaua fukozanthini na florotanini.

Mpangilio wa kutoa vitu una maana. Anza na ethanoli, inaondoa rangi na mafuta na sehemu ya florotanini, na hapo ndo unapata fukozanthini yako, ifunike gizani. Florotanini zenyewe zinatoka vizuri kwa asetoni iliyochanganywa na maji, kama 70%, kwenye mwani mwingine ambao hujaupitisha kwenye ethanoli. Mabaki yaliyopita ethanoli unayaweka kwenye maji ya moto au asidi hafifu, nyuzi joto 60 mpaka 80, fukoidani na laminarini zinatoka, alginati nayo inaweza kuja kidogo, kwa hiyo weka kloridi ya kalsiamu, alginati inaganda na kuzama, unaichuja. Kilichobaki ongeza ethanoli, fukoidani inajitenga. Asidi kali na muda mrefu vinakata mnyororo na kung'oa salfeti, utapata kingi lakini kilichokufa, kwa hiyo usifurahie uzito tu.

Alafu pima. Salfeti, aina za sukari, uzito wa molekuli, protini na florotanini zilizobaki, endotoksini. Ukiruka hapa na kwenda moja kwa moja kwenye seli, umejaza data usiyojua ni ya nini.

Kabla ya kumeza

Sasa kwa wasio na maabara. Hatari ya kwanza ni hiyohiyo iodini, na wengi hawaijui kwa sababu wanafikiri madini joto ni mema tu. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Kikomo cha juu Ulaya ni 600, Marekani 1,100. Vipimo vya mwani unaouzwa vimeonyesha kuanzia mikrogramu 16 kwa gramu kwenye nori mpaka zaidi ya 8,000 kwa gramu kwenye chembechembe za Laminaria digitata. Yaani sehemu ya kumi tu ya gramu ya hizo inakupitisha kikomo cha Ulaya. Ikizidi, tezi inaweza kuzimika au kuwaka kupita kiasi, na mwenye rovu la muda mrefu au tezi yenye shida tayari yupo hatarini zaidi. Kuchovya mwani wa kahawia kwenye maji ya moto dakika chache na kuyamwaga kunaondoa sehemu kubwa ya iodini, ila hiyo ni kwa mwani wa kula, kapsuli huwezi kuichovya. Lebo isiyotaja iodini kwa mikrogramu, irudishe.

Aseniki nayo. Mwani mwingi una aseniki iliyofungwa na sukari, ambayo haina ukali kama ile isiyo na kaboni, lakini hijiki, mwani wa kahawia unaoliwa Japani, ina ile mbaya kwa wingi, Uingereza ilishawaambia watu wake tangu 2004 wasiile, na Laminaria digitata nayo imeshakutwa nayo. Tafuta lebo yenye vipimo vya aseniki isiyo na kaboni, kadimiamu, risasi na zebaki kwa kila toleo. "Imevunwa kwenye maji safi" sio kipimo.

Kama unatumia warfarin au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, fukoidani usiiguse bila daktari kujua, kwenye maabara inafanya kazi inayofanana na ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Upasuaji ukikaribia, simamisha na umwambie daktari. Wanaomeza levothyroxine au carbimazole, wanaotumia amiodarone au lithium, wenye figo dhaifu kwa sababu mwani una potasiamu nyingi, wajawazito na wanaonyonyesha, hawa wote wasijianzishie wenyewe. Mgonjwa wa kansa aliye kwenye dozi aipeleke chupa yenyewe kwa daktari wake wa kansa, sio kumsimulia jina.

Na kama umeshaamua kutumia na huna hata moja ya hayo, pima TSH, homoni inayoonyesha tezi inafanyaje kazi, kabla hujaanza na tena baada ya miezi miwili mitatu. Mapigo ya moyo yakienda mbio, jasho, mikono kutetemeka, au kinyume chake uchovu na baridi isiyoisha na uzito kupanda, acha, na ukaipime tena siku hizohizo.